Siku Mama Aliposaga Mbegu

Mjukuu wangu Nyemo,

Hapa Haneti hatujambo. Babu yako ana kikohozi kidogo tu. Unauliza kwa nini nilinyamaza kwenye simu uliposema umeacha ugali, unakula nyama na samli ili upungue. Sikukasirika.

Nilipokuwa msichana, mvua ilikataa, ng'ombe wakaanza kufa. Tukawa tunakula nyama na mafuta tu, asubuhi na jioni. Siku moja mdogo wangu akasukuma sahani. "Mama, nataka ugali."

Mama akashusha kibuyu cha mbegu ya mtama, akaisaga.

"Tutapanda nini?" baba akauliza.

"Kwanza huyu ale."

Mvua iliporudi, tulipanda mbegu za kuomba kwa majirani.

Uliposema vile, nilimkumbuka mama. Wewe kula kinachokufaa, mjukuu wangu. Ukija nitakupikia mlenda na nyama.

Bibi yako