Ngoma Yako Iko Chini ya Kitanda Changu

Maduhu mwanangu, ng'wana wane,

Mwangaluka. Sijui karatasi hii itakukuta asubuhi au jioni, lakini hapa ni asubuhi, nimetoka kukamua, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko na mkono unaandika polepole kama ulivyoufundisha. Usicheke herufi zangu. Nitampa yule mfanyabiashara wa mbuzi anayetoka huko Kimali kuja gulio la Dutwa, ndiye aliyeniambia kwamba anakuona. Sikuifunga kwa gundi. Najua watoto wake wataisoma njiani, waache wasome. Humu hamna neno ambalo Dutwa haijalisema.

Nikuambie kwanza lile lililonikaa kooni. Ngoma yako iko kwangu, chini ya kitanda. Wazee wa kanisa wamenipa mpaka Jumapili ya Meza ya Bwana. Ama ipasuliwe mbele ya watu wote waone kilichomo ndani, ama nitolewe kwenye ushirika. Na anayejua kilichomo ndani ni wewe tu. Simu yako nimeipiga mpaka yule dada wa kwenye simu nimemzoea, haipatikani, haipatikani. Ndiyo maana unaona barua.

Unakumbuka mwaka nilipoingia darasa la ubatizo? Nilikuwa sijui hata a. Wenzangu walipewa vitabu, mimi nikapewa kitabu nikakipakata kama mtoto wa mtu. Ukaniambia, "Mayu, lete, nitakusomea shambani." Basi kipindi cha palizi ukawa unatoka shule unakuja moja kwa moja kwenye pamba, unatembea mbele yangu na kitabu, mimi nyuma na jembe. Kila mstari wa pamba ulinipa amri moja. Hatuhami mstari mpaka niijue. Usiibe ilikuwa pale kwenye kichuguu. Usizini ulipita haraka haraka, umeinamisha uso, na mimi nikajifanya kukohoa. Waheshimu baba yako na mama yako ulinirudisha nayo mara nyingi sana, nikakuambia, "Hii naijua, wewe." Ukasema, "Sikufundishi wewe, najisomea mwenyewe." Tulicheka mpaka baba yako akaita kutoka upande wa mtama, "Nyie mnapalilia au mnacheza?"

Siku ya kuulizwa, Mzee Ng'wandu wa kanisani alinikazia macho akaniuliza amri ya tano. Nikafumba macho nikaliona shamba, nikauona mstari, nikakuona wewe na magoti yako ya vumbi. Nikajibu. Mpaka leo mwanangu sizijui amri kwa namba, nazijua kwa mistari ya lile shamba. Nikijaribiwa na kitu, naona kichuguu.

Tukabatizwa darasa zima siku moja kule lambo. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wa watu wakafika kunywa kabla hatujamaliza, wakasimama nyuma ya mchungaji wa zamani wakipumua, na Mzee Ng'wandu akasema, "Mchungaji, fanya haraka, hawa nao wako kwenye foleni." Nilizamishwa nikiwa nacheka. Nilidhani nimeharibu, nikamwuliza mchungaji kama inahesabika. Akaniambia, "Mama, hata Sara alicheka." Uliponiona natoka majini ulikuwa unapiga ngoma ya kuazima ukingoni pale, na uso wako, Maduhu, ule uso naulalia na kuuamkia.

Halafu baba yako akaumwa. Hakuwahi kuingia kanisani, wewe unajua, alisema Mungu akimtaka anajua boma lake lilipo. Lakini hakunizuia hata Jumapili moja. Alipofariki ndugu zake walimchinja Madoa, lile dume lake la kupendwa, wakawalisha watu wa msibani, na ngozi wakataka kuiuza. Ukasimama mbele ya wakubwa zako ukaiomba. Ukaenda ukapata gogo, ukalichimba, ukaiwamba ile ngozi pande zote mbili, ukaileta kanisani. Wanakwaya walipoimba na Madoa akaitikia, nililia kilio ambacho sikukilia makaburini. Nilisema moyoni, haya, mume wangu, leo umeingia.

Nimekaa safu ya mbele na akina mama miaka yote hiyo nikikutazama. Ulikuwa unawasha mabua nyuma ya kanisa asubuhi, unaizungusha ngoma karibu na moto, unaigonga kwa kidole na kusikiliza kama daktari. Ilipokuwa bado imelala ulisema, "Huyu mzee hajaamka, tusimsumbue." Nilijifunza kusali kwa kuangalia vile. Nilikuwa naingia ibadani na moyo baridi, na hasira za nyumbani, nikasema, ngoja, nipashwe moto kwanza.

Kisha kikaja kinanda, na ngoma ikaambiwa ipumzike. Sitaki kumsema vibaya mchungaji mpya. Nilipolazwa alikuja na baiskeli kwenye jua lile, akaniletea uji wa mke wake, akakaa. Ana mzigo wake. Waumini wengi siku hizi wametoka kwenye ngoma za mashindano, kwenye dawa za kuvuta watazamaji, kwenye kulogana wao kwa wao, na wakisikia ngoma mwili unawakumbuka. Aliyasema hayo kwa upole kwenye kikao cha kwaya, nilikuwepo. Wewe ukasema, "Mchungaji, hii haijawahi kwenda huko." Akasema, "Lakini inaita watu wa huko." Halafu ukasema, "Basi mwenye ngoma aende huko inakoita." Ukaiacha pale pale sakafuni, ukatoka. Nilidhani umekwenda kunywa maji.

Mfanyabiashara wa mbuzi ananiambia unacheza ngoma za mashindano. Anasema ukiingia uwanjani watu wanaacha biashara zao. Alisema kwa kusifia, masikini, hakujua anamwambia nani. Kisha akaongeza kwamba una chale mikononi. Nikamwuliza za dawa au za kuumia na miiba? Akasema, "Mama, mimi nauza mbuzi." Tangu siku ile nikianza Baba Yetu nafika kwenye utuokoe nakwama, narudi mwanzo kama mtu aliyesahau kitu ndani ya nyumba.

Sasa sikiliza lililotokea. Tulikuwa na mkutano wa injili pale uwanja wa gulio. Siku ya mwisho waliookoka walileta vitu vyao vya zamani vichomwe, hirizi, vibuyu, mikia. Nilikuwa nashangilia kama wengine. Mara nikaona vijana wa kwaya wanatoka stoo ya kanisa na ngoma yako. Walipoitupa pale kwenye lundo ikalia ndani, kacha kacha, kama kitu kigumu kinabiringika. Mtu akapiga kelele, "Kuna kitu ndani!" Watu wakarudi nyuma. Mwingine akaimwagia mafuta ya taa.

Sikupanga. Nilikuta miguu inakwenda na mikono imebeba. Mzee Ng'wandu akaniambia, "Mama Maduhu, weka chini."

Nikasema, "Nikiweka mtachoma."

"Hiyo ni ngoma ya shetani."

"Shetani hana ng'ombe, Mzee. Huyu alikuwa wa mume wangu."

Kuna waliocheka. Mzee Ng'wandu hakucheka. Akaniuliza, tena kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Shemeji, na kinacholia ndani ni cha nani?" Nikaondoka nayo kichwani, mafuta ya taa yananitiririkia shingoni, na Mama Neema rafiki yangu ananifuata nyuma, "Ee jamani, mwenzetu ameanza ngoma uzeeni! Shusha hiyo mama, utavunjika kiuno!" Alikuwa ananitania ili nisilie. Nililia.

Wakaja nyumbani baada ya siku chache, wazee na mchungaji. Niliwapa viazi na maziwa, wakala. Mchungaji akasema, "Mama, mimi nataka kuamini hamna kitu. Tupasue ngozi, watu waone, yaishe." Ni neno la haki. Ningekuwa mimi ni wao ningesema hivyo hivyo. Lakini nikaitazama ile ngozi, ile alama nyeupe ya Madoa iliyokaa pembeni pale unapogonga, nikajua ikipitiwa na kisu haitaongea tena. Nikawaambia aliyeiwamba ndiye ataifungua. Wakaniuliza yuko wapi. Nikasema Kimali. Wakaniuliza anarudi lini, nikawaambia kuleni viazi vitapoa.

Kwa hiyo sasa nakaa benchi la nyuma, kama taratibu zetu zinavyosema kwa mtu mwenye shauri. Siimbi na akina mama, siongozi maombi, nikinyoosha mkono kutoa ushuhuda naambiwa bado. Jumapili ya kwanza nilijifunika kitenge usoni. Lakini unajua, mwanangu, benchi lile halina uvivu kama tulivyodhani kule mbele. Pale kuna yule binti wa jirani mwenye mtoto asiye na baba. Kuna mzee mmoja mwenye wake wawili ambaye hajawahi kukosa ibada na hajawahi kuruhusiwa kuonja mkate. Anasali kwa Kisukuma kwa sauti ndogo, wote wakishamaliza yeye ndiyo anaanza. Siku moja alinipa nusu ya kitabu chake cha nyimbo akaninong'oneza, "Karibu, mayu. Huku upepo ni mzuri." Nilikuwa nimebatizwa miaka mingi na sikuwahi kumsikia mtu yule akiomba.

Lakini sitakudanganya kwamba sijali. Naogopa. Kanisa lile ndilo lililonipa kusoma, lilinizikia mume, lilinipa dada wasio wa tumbo moja. Wakisoma jina langu kwamba nimetoka, nitakwenda wapi mimi? Nitamsalimia nani kisimani? Usiku wa msiba wangu nani ataimba?

Na ninaogopa zaidi kile kitu kinacholia. Nimeitoa ngoma juani mara kadhaa, maana motoni siwezi kuipeleka, ile harufu ya mafuta ya taa imegoma kutoka hata nilipoisugua kwa mchanga, itashika. Nikaiweka juani mpaka ngozi ikakaza. Nikaigonga kwa kidole kama wewe. Ikaitika, Maduhu. Sauti ya Madoa iko pale pale, kuku walikimbia. Halafu nikaiinamisha, na kile kitu kikabiringika, kacha. Nikaanza kuwaza. Labda ni kipande cha gogo kilichomeguka. Labda ni jiwe ulilotia ili kutengeneza sauti, nimesikia wapo wapigaji wanaofanya hivyo. Labda ni kitu cha baba yako ulichomzikia humo bila kutuambia. Labda ni dawa. Nimeandika neno hilo na mkono haujakauka, unaona?

Ninachokuomba ni kimoja. Niambie ukweli. Njoo, au mwambie mtu wa mbuzi aniletee neno moja tu. Kama ni jiwe, sema jiwe. Kama ni dawa, sema dawa, mayu wako hatakufa kwa kusikia. Nimekuzaa, nimekusikia ukisema mabaya na mazuri, nimekuosha yote. Dawa tutaitoa kwa mikono yetu wawili, tutaichoma wenyewe, na ngozi utaiwamba upya. Chale nazo zina namna. Kisichokuwa na namna ni hii ya mimi kutokujua ninamwombea nani, mtoto aliyekasirika au mtoto aliyepotea. Maombi yake si mamoja.

Na usidhani nakuita urudi ili niachiwe. Hata usipokuja sitaipasua. Mwambie hivyo na mtu yeyote atakayekuuliza. Jumapili ile nitaamka mapema nikamue, nitaoga, nitavaa lile gauni la bluu ulilolinunua kwa pamba yako ya kwanza. Nitaichukua ngoma kichwani mchana kweupe, nitapita katikati ya senta, Mama Neema aseme anayoyasema. Nitaingia nayo. Watakaponiuliza nitawaambia nimeleta nilichonacho, kilichomo sikijui, anayekijua nimemwita. Wakisoma jina langu, walisome nikiwa nimekaa mle ndani.

Nitakuwa benchi la nyuma, mapajani nimeipakata kama kile kitabu. Na benchi la nyuma, ng'wana wane, ndilo lililo karibu na mlango. Ukija ukiwa umechelewa, ukija na vumbi, ukija na manyoya ya uchezaji bado kichwani, hutapita mbele ya mtu yeyote. Utasukuma mlango tu, na wa kwanza kukugusa nitakuwa mimi. Nimemwomba yule mzee asogee kidogo. Amesogea.

Kula vizuri. Maji ya huko chemsha.

Mimi Mayu wako,
uliyemfundisha kusoma kwenye pamba