Wara Anajua Kuhesabu

Oruro, Jumapili

Dada yangu Eulalia,

Mama hajambo, goti limetulia. Baridi imeunguza viazi, lakini hatutakosa chakula.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba binti yako Wara, kwa kuwa hasikii, hafundishiki. Sikukuambia kwamba wenzake walipotoka kucheza, mimi, mama yake mdogo na mwalimu wake, nilimbakiza darasani anakili herufi.

Alhamisi nilichelewa kikaoni. Niliporudi nilimkuta uani, wenzake wakiruka kamba. Kila mrukaji aliponaswa, Wara alionyesha kwa vidole ameruka mara ngapi, na hakukosea hata mara moja.

"Nani kamfundisha?" nikauliza.

"Hakuna, mwalimu," Nélida akajibu. "Sisi tunacheza naye tu."

Nilimwashiria Wara aje nimkumbatie. Akaiacha kamba, akapita mbele yangu kichwa chini, akaingia darasani, akaketi peke yake na kushika kalamu.

Nilitaka kumwomba radhi, dada, nikagundua sijui hata ishara moja ya kumwambia hivyo. Ilibidi Nélida anifundishe.

Nawe nakuomba radhi kwa maandishi.

Mdogo wako,
Casilda