Kaburi la Yohana, Kiswere

Mama yangu, shikamoo.

Nimefika Kiswere, kwenye kaburi la kaka Yohana. Bi Mwanaisha na mumewe, waliomzika wakati wa vita, hawakujua kuwa ni Mkristo. Wamemlaza kuelekea Kibla, yaani kaskazini. "Umekuja kumfukua, mwanangu?" Bi Mwanaisha aliniuliza kwa hofu. "Mume wangu alimwosha kama mwanawe."

Shuleni tulisoma kuwa wenye hekima wa Uyunani waliuita mwili gereza la roho. Lakini sisi tunaungama kwamba mwili utafufuka, nami nautaka uleule, wenye kovu la jembe mguuni. Nikamjibu, "Hapana, bibi. Mwacheni alale."

Kwetu ni kusini, kwa hiyo siku ya ufufuo atainuka ametupa kisogo. Umwite wewe, Mama. Sauti yako ataigeukia.

Mwanao anayekuwaza,
Agnesi