Nyota Tano na Kiuno cha Suruali

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema sukari ya mume wangu si ya mzaha tena. Siku mguu wake usiposikia maumivu, tutakuwa tumechelewa. Binti yetu amemwekea programu kwenye simu. Inachagua chakula, mimi napika, baba anabeba kazini, anapiga picha sahani yake, anapewa nyota. Miaka yote hii jikoni, leo naamrishwa na simu! Haya.

Alhamisi, 6 Machi
Nyota tano tena. Eti tabia yake mpya ya kula imeshika. Mbona basi ameniletea suruali niipanue kiuno? Mimi fundi cherehani — futi yangu haijui kumsifu mtu.

Jumanne, 11 Machi
Amekwenda kuoga, nimechungulia picha zake. Mboga zangu, dengu zangu, lakini sahani si yangu! Ina maua ya buluu. Sisi hatuna sahani ya maua. Nani anampakulia? Dalili ya mvua ni mawingu. Leo nimeshona zipu ya mteja kichwa chini, nikaifumua. Ni wivu, nisijidanganye.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda ofisini kwake saa ya chakula, kisingizio mwavuli. Sahani ya maua nimeikuta getini — mapajani kwa mlinzi! Akasifu mapishi yangu, akanionyesha mkanda wake ulivyoingia tundu jipya, tumbo limepungua.
"Shemeji, mzee anapiga picha tu, halafu ananiachia. Yeye yuko pale kwa muuza chipsi."
Nimecheka mpaka barabarani. Halafu nikalia. Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia.

Jumamosi, 15 Machi
Sijamwambia bado. Jioni nimemsimamisha peku mbele ya kioo nipime ile suruali. Nilitaka nianze kwa utani. Yeye anacheka na simu — programu imemwona mwaminifu, wiki ijayo inamruhusu keki. Nikainama kubana pindo. Pini moja haipo. Naitafuta sakafuni, naona damu. Ameikanyaga, imezama unyayoni mpaka kichwa chake!
Nimeichomoa polepole. Hakushtuka. Hata chini hakuangalia.
"Umemaliza?" akaniuliza.
Nimemfunga kitambaa, akashangaa cha nini. Sasa yuko sebuleni, anampigia binti yetu, anamhesabia nyota. Pini ninayo mkononi. Ananiita nami nije nimpongeze.