Saa za Ndani ya Mawingu

Marka, 3 Februari

Mama mpenzi,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, hofu yangu ni kwenu, hasa goti lako na baridi ya Karak.

Leo nimeruka na mwalimu wangu, Kapteni Nidhal. Kwa nusu saa tu tulikuwa ndani ya mawingu, nikiongoza kwa kutazama vipimo vya ndege pekee. Muda uliobaki niliiona ardhi mpaka Bahari ya Chumvi. Saa za mawinguni na za kuona ardhi huandikwa kando kando, na za mawinguni bado zinanipungukia. Kapteni akanicheka: "Andika safari yote kuwa ya mawinguni, nitatia sahihi. Mawingu yatakuja kutoa ushahidi?" Nikimfuata, nitafanya mtihani wa urubani mapema na kuiwahi harusi ya kaka Mu'tazz. Nisipomfuata, nitabaki hapa kuzitafuta saa hizo, na harusi nitaikosa.

Binti yako,
Tahani

Karak, 9 Februari

Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Goti lipo, linalalamika kuliko mimi. Andika! Mwalimu mwenyewe karuhusu, wewe nani umkosoe? Mu'tazz ana dada mmoja tu. Shangazi yako Fikriya keshaanza: "Rubani wenu atakuja, au atatupita juu kwa juu?" Nimjibu nini? Mansaf, ule wali wa nyama wa harusi, bila wewe itanikwama kooni.

Mama yako

Marka, 20 Februari

Mama,

Salaam nyingi. Nimeandika nusu saa, kama ilivyokuwa. Harusini sitakuwepo. Siku nitakapobeba abiria na vumbi likaziba dirisha, sahihi ya Kapteni haitanishikia usukani. Nisamehe.

Binti yako

Marka, 2 Aprili

Mama,

Hujambo? Hujanijibu tangu harusi. Mu'tazz ndiye aliyeniambia u mzima. Nimefaulu. Mtihanini tuliingia kwenye wingu zito. Mwili wote ukanambia tunalalia kulia, vipimo vikasema tumenyooka. Nikaviamini. Mwezi ujao naanza kazi Aqaba, ndege ndogo.

Tahani wako

Karak, 11 Aprili

Tahani,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Nilikasirika, na hasira bado zimebaki kidogo. Lakini Aqaba nitakuja, nipande ndege yako. Fikriya kaapa hapandi chombo cha mtu ambaye yeye mwenyewe alimfunga nepi. Nimemwambia abaki, atatupungia mkono.

Nakutumia picha ya harusi. Utaona pengo kati yangu na Mu'tazz. Mpiga picha alituhimiza, "Sogeleaneni, sogeleaneni!" Nikamwambia: piga hivyo hivyo, hapo pana mtu.

Mama yako