Tukiwa Hai Liao, Tukifa Chang

Nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha mchuzi wa soya,
Xiluo, Yunlin,
Taiwan.
9 Aprili 1998

Mpendwa mwanangu Po-jung,

Salamu zangu zikufikie huko Sao Paulo ukiwa umekula, umeketi, na mtoto amelala. Hujambo? Safari hii nakuomba usinijibu kwa mkato ule wako wa "sisi wazima, shangazi". Niandikie hasa. Unalala vizuri? Kifua hakikubani? Hujaanguka ngazi, hujagongwa na gari? Nina sababu ya kuuliza, na nitaifikia.

Mimi nipo. Magoti yananiuma kama kawaida na mgongo umeamua kuyaunga mkono. Vitunguu saumu tulimaliza kuvuna wiki iliyopita, na vidole vyangu bado vinanuka hata nikivisugua kwa majivu. Nimechoka, mwanangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha.

Barua yako ya mwezi Machi ilifika juzi, siku mbili baada ya sikukuu ya kufagia makaburi. Laiti ingetangulia. Umeandika kwamba nisihangaike tena, lile kosa kwenye jiwe la kaburi la baba yako umelirekebisha mwenyewe. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikajikuta nimekaa kizingitini.

Nikueleze yaliyotokea, kisha nikueleze jina letu, maana naona hakuna aliyewahi kukueleza.

Jumapili asubuhi nilitangulia makaburini na fagio, panga, udi na kapu la chakula. Nilikuwa nimekunja zile chapati nyembamba za mboga na unga wa karanga ambazo baba yako alikuwa anakula sita halafu anasema ameonja tu. Binamu yetu Kuo-tung, ambaye sasa ndiye mtunzaji wa vibao vya majina ya mababu wa ukoo, alikuja nyuma yangu na karatasi za kuwachomea marehemu. Nikakata majani, nikafuta vumbi kwenye jiwe. Nikaona maandishi ni mapya. Pale palipokuwa pameandikwa Chang Tien-lai, pameandikwa Liao Tien-lai.

Nilidhani macho yangu yameniharibikia. Nikamwita Kuo-tung asome. Akasoma, akavua kofia, akasoma tena.

"Dada Pi-hsia," akasema, "huyu tulimzika au tulimpangishia chumba?"

"Acha utani, kaka."

"Sitanii. Liao ni jina la mtu anayepumua. Nani kamwandika mtu anayepumua juu ya kaburi? Hebu hesabu mwenyewe, kwenye nyumba yenu Liao mwanamume aliyebaki ni nani?"

Nilihesabu, na hesabu ilikuwa fupi, kwa sababu ni wewe peke yako. Kuo-tung, pamoja na mdomo wake ule, alichana kipande cha karatasi nyekundu akalifunika lile jina, kama tunavyofanya kwa aliye hai. Kisha akawasha udi akawaambia mababu kwa sauti: "Jamani, huyu kijana yuko Brazil, ana mtoto mchanga, ana kazi. Jiwe limekosewa. Msimchukue." Nilisimama kando nimeshika fagio na kulia kama mjinga. Sasa unajua kwa nini nauliza habari za kifua chako.

Tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Kao, fundi wa mawe. Mzee Kao mwenyewe asingethubutu, ametuchongea mawe kwa miaka arobaini. Lakini tangu mwaka jana mikono inamtetemeka na patasi amemwachia mkwe wake, mtu wa Hualien, fundi mzuri, ila huko kwao watu huzikwa na jina walilozaliwa nalo. Nilimfokea, Po-jung. Nilisema maneno ambayo mwanamke wa miaka sitini na saba hapaswi kuyasema dukani kwa watu.

Yule mkwe alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema, "Mama, aliyeagiza ni mtoto wa marehemu. Alipiga simu kutoka ng'ambo. Alisema wamemwandikia baba yake jina la mtu mwingine. Alikuwa analia. Mimi ningemwambia nini?"

Hapo hasira yote ikanitoka. Namba ya duka nilikupa mimi, ili umshukuru fundi. Na picha ya jiwe nilikutumia mimi. Nilidhani utaiangalia, utafarijika. Kumbe uliona baba yako amelala chini ya jina la mtu usiyemjua, ukakaa na hilo jambo wiki nzima peke yako. Kosa ni langu. Uliondoka hapa una miaka tisa, umeshika sketi ya mama yako, na baba yako alisema utaelezwa ukikua. Ukakulia huko. Mimi nikawa naandika habari za mpunga na mafua.

Basi nakueleza leo, kama baba yangu alivyonieleza tukimenya karanga.

Zamani sana, bara, upande wa Fujian, palikuwa na mzee wa ukoo wa Liao mwenye mashamba mengi na mtoto mmoja tu, wa kike. Hakutaka nyumba yake ife. Akamtafuta kijana wa ukoo wa Chang, maskini lakini msomi, akamwozesha binti kwa sharti kwamba kijana ndiye ahamie kwao. Unajua mwanamume anayehamia kwa mkewe anavyosemwa. Yule alisemwa pia, akanyamaza. Mkwe wake alimtendea kama mwana wa kumzaa, na yeye akamtunza mzee yule mpaka akafunga macho.

Baadaye ukoo wa Liao ukaingia kwenye kesi kubwa, na hakuna aliyetaka kwenda kusimama mbele ya hakimu. Akaenda Chang. Njiani akirudi akaugua. Alipoona hatafika nyumbani, alimwita mwanawe akamwambia hivi: babu yenu wa Liao alinipa nyumba, mke na heshima, kwa hiyo nyinyi na watoto wenu mkiwa hai mwitwe Liao, mumlipe wema wake. Lakini mimi nilikuwa na baba pia. Mkifa, rudini kwake, muandikwe Chang.

Basi. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Kwenye kitambulisho, shuleni, kwenye harusi, ni Liao. Kwenye jiwe na kwenye kibao cha mababu, Chang. Wageni hutuuliza kama hatuchanganyikiwi. Hatuchanganyikiwi. Deni la wema unalibeba ukiwa na nguvu za kulibeba, ukifa unatuliwa mzigo, unakwenda kwenu.

Baba yako alilijua hilo vizuri. Wiki ya mwisho hospitalini muuguzi alikuwa akiingia na sindano zake, "Bwana Liao, mkono," "Bwana Liao, geuka." Siku moja akamwambia, "Binti, niite Liao haraka haraka, jina lenyewe linakaribia kwisha muda." Yule binti hakuelewa, akacheka tu. Mimi nilielewa nikatoka nje kununua chai nisiyoihitaji. Alikuwa amechoka na alitaka kwenda kwao, Po-jung. Ndiyo sababu lile jiwe lilikuwa sahihi. Ulimtoa baba yako nyumbani kwao ukamrudisha kazini, bila kujua.

Usijilaumu mpaka ukakosa usingizi. Ulifanya kwa mapenzi, na Kuo-tung mwenyewe, aliyekuwa amekununia, niliposema ulikuwa unalia kwenye simu alikohoa akageukia ukutani. Mkwe wa Mzee Kao atausaga uso wa jiwe na kuchonga upya. Jiwe litapungua unene kidogo, hilo tu. Siku nzuri imeangaliwa kwenye kalenda, ni tarehe ishirini na tatu. Mpaka hapo karatasi nyekundu itabaki pale, na mimi naenda kila asubuhi kuangalia kama mvua haijaibandua.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ningesema sijambo, nikakata.

Tulipokuwa kwa Mzee Kao tunapanga hilo jiwe, nilimuuliza Kuo-tung, nikijifanya naulizia kitu cha kawaida, mimi nitaandikwa wapi. Alijua ninachouliza. Alianza kukunja kofia yake.

"Dada, wewe hukuolewa," akasema. "Walioolewa wanakwenda na waume zao. Aliyebaki nyumbani, kibao cha ukoo hakina mahali pake. Lakini pale hekaluni kuna rafu nzuri kweli ya vibao vyao. Wanawasha udi kila siku, hata mvua inyeshe."

"Rafu ya wasio na kwao."

"Usiiite hivyo."

"Niite vipi? Nimebeba jina la Liao miaka sitini na saba, kaka. Nimemsafisha mama, nimemsafisha baba, nimemsafisha Tien-lai miaka mitano. Nani katika ukoo huu amelipa ule wema kuliko mimi? Halafu siku ya kutua mzigo, nyinyi wote mnakuwa Chang mnakwenda kwenu, mimi nawekwa rafuni?"

Mkwe wa Mzee Kao aliacha kusaga. Kuo-tung aliikunjua kofia yake akaikunja tena. Mwishoni akasema kanuni si yake, aliikuta. Ila vijiji vingine siku hizi wamewakubali mabinti, na yeye hana nguvu ya kukataa kama mwenye nyumba ataomba kwa mkono wake mwenyewe. Ataipeleka barua mbele ya mababu, atarusha vile vipande viwili vya mianzi vya kuulizia, na wakikubali, basi.

"Mwenye nyumba ni nani?" nikamuuliza.

"Nani tena? Huyo huyo aliyeharibu jiwe."

Tulicheka, Po-jung. Hata Mzee Kao alicheka mpaka akakohoa. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa jikoni bila kuwasha jiko na sikuwa nacheka.

Nataka ujue kwamba sijutii kubaki. Palikuwa na mtu mmoja, karani wa mashine ya mpunga, aliyekuja kuniposa mwaka mama alipopooza. Alingoja miaka miwili, mtu wa watu, akaenda kuoa mji wa Huwei. Sikumlaumu na sikujilaumu. Sikuwahi kumwomba mtu yeyote wa nyumba hii chochote, na ninapoandika haya mkono unaona aibu. Ila naogopa ile rafu. Nasema wazi. Naogopa kukaa milele na watu nisiowajua, na kaka yangu yuko kilomita mbili anakula chapati zake sita.

Kwa hiyo nakuomba. Chukua karatasi, uandike kwa mkono wako, hata kama herufi zako zimekuwa za mtoto wa darasa la pili, kwamba shangazi yako Pi-hsia akifa aingizwe kwenye kibao cha nyumba yenu. Tia sahihi. Kama unaona ni mzigo, au mkeo anaona ni mambo ya kale, niambie tu kweli, nitaelewa na nitakupenda vilevile. Ila usikae kimya. Ukimya nimeuzoea lakini huu sitauweza.

Ukiandika, na mababu wakikubali, basi siku utakayopigiwa simu kwamba nimeondoka usihangaike na tiketi. Namba ya duka la Mzee Kao unayo, na yule mkwe anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Ulimwagiza mara moja aandike Liao akatii. Mpigie tena umwambie aandike Chang.

Nisalimie mkeo Helena, na umwambie soksi alizonitumia zimenifaa sana, nazivaa hata nikilala. Msalimie mama yako, wifi yangu, mwambie sina kinyongo naye na mti wa mapera alioupanda uani unazaa mpaka majirani wanachuma bila kuomba. Mbusu Julia wetu. Akikua mweleze yeye majina yote mawili, usingoje kama tulivyongoja sisi. Na jingine: kwenye ile picha ya siku yake ya kuzaliwa nimeiona sahani yako. Sisi nyama ya ng'ombe hatuli. Mababu wako mbali na Brazil, lakini macho wanayo.

Mbingu ikulinde na ikuongezee miaka, ubaki Liao muda mrefu sana.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye, ambaye bado ni Liao,

Pi-hsia