Kitabu Chenye Kava la Kaki

Mama, shikamoo. Nakusalimu kutoka Tanga, na joto la huku halinipi usingizi.

Jana ukumbini Chumbageni walinizomea mpaka mkutano ukafungwa. Mzee mmoja alitaka kitabu changu kichomwe, eti nimeandika kwamba mke ana haki ya kumkatalia mumewe. Nikamuuliza amefika ukurasa gani. Akasema hawezi kujinajisi kwa kukisoma!

Leo tangu asubuhi nazunguka tu, kukaa siwezi. Njaa ikanibana, nikaingia kwa mama mmoja anayeuza mkate wa kumimina. Nilimkuta anasoma kitabu kilichowekewa kava la kaki, kama ulivyokuwa ukituwekea kwenye madaftari. Aliponiona akakifunga haraka.

"Cha mwanangu hiki. Sayansi, darasa la sita."

Lakini nilikuwa nimeshauona ukurasa. Nikamwambia, "Dada, hicho nimekiandika mimi." Akanitazama weee, akachungulia barabarani, kisha akanikatia kipande kikubwa cha mkate na kuninong'oneza: "Mtaa huu wanawake sote tunasoma Sayansi."

Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kukaendelea.

Kunywa dawa zako, mama yangu, nakupenda sana.

Na baba, shikamoo. Najua sanduku la posta ni lako na kadi haina bahasha, kwa hiyo umeshaisoma. Sasa mpe mama kadi yake. Mpe na kitabu chake ulichokifungia kabatini. Akisomee sebuleni, bila kaki.

Mwanenu,
Rehema